Nani Kati Yetu Alitaka Sayansi

Mwaka wangu wa mwisho wa sekondari, nyumbani kwetu Katuba hapakuwa na mazungumzo mengine ila nitasoma nini. Majirani waliuliza. Wakristo wenzetu waliuliza baada ya misa, tukiwa bado mlangoni mwa kanisa. Hata mama aliyeuza makaa kwenye kona aliuliza. Watoto weusi waliomaliza sekondari kwa mapadri wakati ule walikuwa wachache, hivyo mtaa mzima ulijiona una haki ya kujua. Tena chuo kikuu kilikuwa kimefunguliwa humo humo mjini mwetu, Élisabethville, na kilipokea weusi na weupe katika madarasa yale yale, jambo ambalo wazee wetu walilisimulia kwa sauti ya chini kana kwamba likisemwa kwa nguvu litafutwa.

Wote niliwajibu kwamba bado nafikiri. Ukweli ni kwamba nilijua ninachotaka. Nilitaka kusoma sayansi, ile ya jumla, yenye fizikia na kemia na mimea na mawe ndani yake. Niliogopa kusema kwa sababu sikuwa na hakika kwamba anayetaka ni mimi.

Tulizaliwa wawili. Kwetu mapacha huitwa mapasa, na wazazi wao hupewa heshima yao: baba yangu aliitwa Shamapasa mtaani na kazini katika karakana ya reli, na mama aliitwa Mama Mapasa sokoni. Mwenzangu alitangulia kuzaliwa. Tulilala kitanda kimoja, tukasoma dawati moja, na walimu walitutofautisha kwa masomo. Mimi nilikuwa wa Kifaransa na Kilatini, mtu wa kukariri. Yeye alikuwa wa hesabu na wa kufungua vitu. Saa mbovu, kufuli, mbegu ya parachichi, chochote kilichofungwa alitaka kuona ndani. Mama akileta samaki wakubwa kutoka sokoni, yeye ndiye aliyewapasua, taratibu, akitandaza viungo juu ya sahani ya bati na kunionyesha kile kifuko cheupe cha hewa kinachomzuia samaki asizame. Hivyo ndivyo nilivyokumbuka.

Tulikuwa tumeanza kuota ndevu alipokufa. Likizo ile tulipelekwa Kilwa, kwa bibi mzaa mama, kando ya ziwa. Mdogo wake mama alikuwa dereva wa lori la samaki wakavu, na ndiye aliyetupeleka na kuturudisha. Siku ya kurudi nyumbani mwenzangu aliamka na homa, shingo imekakamaa, macho hayataki mwanga. Mvua zilikuwa zimeanza na barabara ilikuwa matope matupu. Mjomba alimlaza kiti cha mbele, mimi nikapanda nyuma juu ya magunia, chini ya turubai. Lori lilikwama, likanasuliwa, likakwama tena. Kila liliposimama nilishuka kusukuma pamoja na abiria wengine, na kila mara nilichungulia dirishani nikamwona amelala. Tulipofika penye zahanati, mjomba alifungua mlango, akasimama pale kwa muda bila kugusa kitu, kisha akaufunga tena.

Kabla ya mazishi, bibi yangu mzaa baba aliniita, akanisimamisha ukutani, akapima urefu wangu kwa mti. Mti ule ukakatwa pale kichwa changu kilipofika. Wakauvika shati langu, wakaulaza kaburini ubavuni mwake, ili asitoke kunitafuta. Padri aliambiwa kwamba ni desturi ndogo tu, akageuka upande kidogo mpaka ilipokwisha. Kwa hiyo mimi ni mtu aliyeona shati lake mwenyewe likifunikwa na udongo. Sijui kwa mwingine lingekuwaje. Kwangu lilikuwa jambo ambalo kila nilipolala chali lilirudi.

Baada ya hapo mama alianza kunisemesha kwa wingi. Asubuhi aliuliza, "Muliamuka?" Nikirudi shuleni, "Mulishakula?" Mwanzoni baba alimtazama, halafu akazoea. Nami nilijibu kwa wingi pia, tumeamka mama, tumekula, kwa sababu kujibu kwa umoja kungekuwa kama kumfukuza mtu mezani.

Muhula uliofuata jambo lingine lilitokea. Hesabu zilianza kunifungukia. Mimi ambaye nilikuwa nikinakili majibu ya mwenzangu, nilikaa mbele ya swali na jibu likaja, na njia ya kulifikia ikaja, na nilipoangalia mwandiko wangu niliona namba saba yenye mstari katikati, namna yake ya kuiandika. Kilatini kilinichosha. Nilitaka kujua kwa nini chuma cha reli kinapanuka kwa joto, kwa nini maji ya kisima chetu yanaacha ukoko kwenye birika. Wenzangu shuleni waliacha kukaa karibu nami wakati wa mtihani. Hawakunichukia. Mmoja alinieleza kwa upole kwamba hapendi kuwa karibu na dawati lenye watu wawili.

Aliyefurahi ni furere, mtawa wa Kibelgiji aliyetufundisha sayansi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye vidole vilivyotiwa rangi na tindikali, na Kiswahili chake alikipata kwa watoto wa mtaani, si kitabuni. Alimpenda mwenzangu waziwazi, na baada ya mazishi alinipa kiti cha mwenzangu cha mbele katika chumba cha sayansi bila kuniuliza. Mwaka wa mwisho aliniita pembeni, akaniambia kwamba ataniandikia barua ya kuingia chuo kikuu nikiwa tayari. Alinieleza habari zote bila kunificha. Sayansi ya jumla haina kazi yenye jina mwishoni. Ukitoka hapo unaweza kuwa mwalimu, unaweza kuwekwa maabara, unaweza kuendelea mbele ukipata bahati, lakini hakuna mtu atakayekuita kwa cheo barabarani. Aliniambia nifikiri vizuri na nizungumze na wazazi.

Baba yangu alikuwa amekwisha kufikiri. Jumapili moja baada ya chakula alinikalisha, akaniambia kwamba nitakuwa daktari. Nitapanda treni, nitaenda Léopoldville kwenye chuo cha mapadri, nitasoma miaka yoyote inayotakiwa, nitarudi na koti jeupe. Alizungumza kwa utulivu, mikono yake ya karakana imetulia juu ya magoti. Hakulitaja jina la mwenzangu. Hakuhitaji. Nilipomwambia habari za sayansi alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Sayansi ya nini?"

Nikasema sayansi tu, baba, yote.

"Muntu akigonjwa hapa ku nyumba, utamusaidia na nini? Utamuelezea sayansi?"

Nilimwona akitazama mlango, na nilijua anaona mlango wa lori.

Wiki hizo zilikuwa nzito. Kila nilipojaribu kujipima, nilimkuta marehemu yule yule amesimama katika njia zote mbili. Nikienda kusoma udaktari, nitakwenda kwa sababu yake, kumtibu yeye ambaye hatibiki tena. Nikienda kusoma sayansi, nitakwenda kwa sababu yake pia, kumpa macho na mikono ya kufungulia vitu. Nilijiuliza kama ipo njia hata moja katika mji ule ambayo ningeipita peke yangu.

Furere aliona nimekonda, akanichukua alasiri moja kwenda kuona chuo kikuu. Tulipanda baiskeli, kila mtu yake, yeye mbele na kanzu yake imekunjwa, mimi nyuma, tukapita mtaa wa wazungu wenye miti ya jakaranda hadi kwenye jengo. Kijana wa kizungu, msaidizi wa maabara, alitupokea kwa adabu. Chumba kilinukia dawa ya kuhifadhia wanyama. Kulikuwa na meza ndefu za mawe meusi, mitungi ya vioo, mabomba ya gesi, na hadubini zimepangwa dirishani. Yule kijana alidondosha tone la maji ya bwawani juu ya kioo, akaniambia niangalie.

Niliona vitu vidogo vikienda na kurudi, vingine vikizunguka. Nilitazama kwa muda mrefu. Halafu nikasikia sauti yangu ikiuliza kwa Kifaransa: mnajuaje kwamba kile ni hai, na si kwamba maji ndiyo yanakisukuma?

Msaidizi alicheka kwa furaha, akaanza kueleza. Lakini furere alikuwa amegeuka ghafla, na uso wake umebadilika. Aliniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ndogo, "Ile ni swali ya ndugu yako."

Alitaka kunifariji, najua. Mimi nilirudi nyuma kutoka kwenye hadubini. Swali lilikuwa limetoka bila kunipitia. Sikulitunga, sikulipima, lilikuwa limekaa mdomoni tayari. Nilisikia maelezo ya yule kijana kama mtu anayesikia kupitia ukuta, nikashukuru, nikatoka. Njiani nilimwachia furere atangulie, nikashuka, nikasukuma baiskeli kwa miguu hadi daraja la reli, nikiogopa kupanda. Nilikuwa na wazo la kijinga kwamba baiskeli itakuwa nzito.

Nilichoamua ni kwenda kwa mjomba. Yeye peke yake alikuwa naye kiti cha mbele. Baada ya safari ile alikuwa ameacha udereva wa Kilwa, na sasa alitengeneza mashine katika gereji moja huko Kambove. Hakuja kwetu tena isipokuwa Pasaka, na hata siku hizo alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Nilipanda treni hadi Jadotville, kisha nikapata lori la mtu aliyekwenda Kambove. Nilimkuta mjomba amelala chini ya gari, miguu nje. Alipotoka na kuniona, alirudi nyuma hatua, kisha akajikaza, akanisalimia.

Tulikaa juu ya matairi ya zamani. Nilimweleza kwamba nataka kujua mwenzangu alisema nini njiani. Nilifikiri kwamba mtu mwenye akili ile hawezi kuondoka bila kuacha neno, na kwamba neno hilo ndilo linalonitafuta. Labda alisema nisome nini. Labda alinikataza.

Mjomba alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mwipwa, hakuacha neno," alisema. "Aliita mama yake mara mingi. Kisha alinyamaza. Mi nilizani analala. Nilitembeza lori pole pole, nilikuwa na furaha moyoni, sababu nilizani amepata usingizi."

Nilisubiri. Hakukuwa na zaidi. Alisema tena lile la furaha, kwa maneno mengine, na nikaelewa kwamba kwa miaka yote hiyo ndilo lililomweka karibu na mlango kila alipokuja kwetu. Nilimwambia kwamba mimi pia nilichungulia dirishani na kudhani amelala. Tulikaa hivyo mpaka bosi wake alipomwita. Aliponiaga alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniachia alama ya mafuta shavuni, nami sikuifuta hadi nilipofika nyumbani.

Mama alikuwa uani, akichambua maharagwe kwenye ungo. Aliniuliza kwa wingi kama tumefika salama. Nilikaa chini kando yake, na kwa mara ya kwanza nikamwambia kila kitu. Nilimwambia kwamba sina hakika kama mimi bado nipo. Hesabu si zangu, maswali si yangu, hata hiyo sayansi ninayoitaka ni ya mwenzangu, yeye aliyekuwa akipasua samaki na kututandazia viungo juu ya sahani.

Mama aliacha kuchambua.

"Samaki?" alisema. "Ni weye njo ulikuwa unapasula samaki."

Nikasema hapana, mama, ni yeye.

"Ule alikuwa anaogopa damu. Alikuwa anashika tu sahani, anaangalia pembeni. Ni weye. Mi njo niliwazala, siwezi kuwachanganya."

Nilibisha. Nilimweleza ninavyomwona, kisu kidogo chenye mpini wa mbao mkononi mwake, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Mama alisikiliza, akasema kwamba yule mwenye ulimi nje alikuwa mimi, na kwamba bado naufanya hivyo nikiandika. Baba aliporudi kazini nilimuuliza. Alijibu mara moja kwamba alikuwa mwenzangu. Kisha akasita, akavua kofia, akasema kwamba kusema kweli hajui. Miaka ile alifanya kazi zamu kwa zamu, na aliporudi alikuta samaki wamekwisha pasuliwa, na watoto wawili wenye mikono inayonuka.

Mtu anaweza kufikiri kwamba habari ile ilinipa raha. Iliniogopesha kuliko yote. Kama mama alikuwa sahihi, basi nilikuwa nimemvika marehemu kila kilichokuwa changu kizuri, mwaka baada ya mwaka, hadi nikabaki na Kilatini. Kama mama alikosea, basi yeye naye alikuwa ameanza kutuchanganya. Mwenye jibu la tatu alikuwa amelala na shati langu. Nilikaa na mambo hayo siku nyingi, nikienda shuleni na kurudi, na polepole nikagundua kwamba hata nikipata jibu, bado ningetaka kujua vile vitu katika tone la maji vinajisukumaje. Hamu hiyo haikuuliza ruhusa ya mtu. Ilikuwepo asubuhi nilipoamka, kama njaa.

Jumamosi moja baba alikuwa akitengeneza mguu wa kiti mbele ya nyumba. Nilisimama mbele yake, nikamwambia kwamba sitakwenda Léopoldville. Nilimwambia kwamba nikiwa daktari nitamwona mtoto yule yule katika kila kitanda, na sitaweza kumtibu mwingine. Nitasoma sayansi hapa mjini, na kama mwisho wake ni kuwa mwalimu, nitakuwa mwalimu.

Aligonga msumari, akaukosa, akaugonga tena.

"Soma," alisema. "Lakini usiniambie kama ni ule mwingine njo anataka. Ule aache apumuzike."

Chakula cha jioni alikula kidogo, na mama alimwekea maji ya kunawa mara mbili.

Nilijiandikisha. Darasani weusi tulikuwa wachache, tukakaa karibu karibu bila kupanga. Kazi za maabara zilifanywa wawili wawili, na siku ya kwanza idadi haikugawanyika, nikabaki peke yangu kwenye meza ya watu wawili. Profesa alipopita aliangalia orodha, akaangalia kiti kitupu, akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Aliuliza kwa kazi tu. Niliinama, nikajifanya narekebisha moto wa gesi. Nilimjibu kwamba sina mwenzangu. Baada ya majuma machache mwana wa mlowezi mmoja, ambaye mshirika wake alikuwa ameacha masomo, aliletwa mezani kwangu. Alikuwa mvivu na mchangamfu, alivunja vioo vingi, na nilimshukuru kwa kelele zake.

Mwishoni mwa mwaka nilishindwa hesabu. Jina langu lilisomwa kati ya wale watakaorudia mtihani baada ya likizo. Nilirudi nyumbani kupitia njia ya nyuma ya karakana, nikaketi kwenye rundo la mataruma ya reli, nikajaribu swali lile lile nililoshindwa. Halikufunguka. Nilijaribu kwa njia nyingine, nikangoja jibu lije lenyewe kama lilivyokuwa likija tangu mazishi, na halikuja. Ndipo nilipolia. Wafanyakazi waliopita walidhani nalilia mtihani, na mmoja alinipa kipande cha muwa. Nililia kwa sababu niliona ameondoka, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba alikuwa amekuwepo, au kwamba mimi niliamini hivyo kwa nguvu kiasi cha kuweza kuachwa.

Hesabu nilizirudia kwa kusoma, kama watu wote, nikipasua kila swali na kulikosea na kulianza upya. Nilipita kwa alama za kawaida kabisa. Katika mimea na wanyama nilipata alama nzuri, na furere aliposikia alitingisha kichwa, akasema hakulitegemea hilo, mwenzangu hakupenda mimea. Sikumuuliza ana hakika gani.

Jumapili iliyofuata baba alivaa suti yake ya misa, akaniambia nimpeleke akaone mahali ninaposoma. Tulikwenda kwa miguu. Mlango ulikuwa umefungwa, na mlinzi, mtu wa Kasai aliyemjua baba kwa sura, alituruhusu tusimame uani. Baba alilitazama jengo kwa muda, kofia mkononi. Aliniuliza ni dirisha gani. Nikamwonyesha. Alilitazama dirisha lile, akasogea kidogo kushoto kwa sababu kioo kilikuwa kikimwakia jua, kisha akaniuliza kama humo ndani kuna baridi.

Nikamwambia asubuhi tu. Mchana panapata joto.